Edifier R1280T: zipime kwa wimbo unaoujua neno kwa neno

Ukiingia duka la spika Kariakoo au Luthuli Avenue, wimbo unaopigwa ni wa muuzaji. Mara nyingi ni ngoma ya kompyuta yenye besi nzito, vimluzi vikali juu, na sauti ya mwimbaji iliyopitishwa kwenye mashine hadi haifanani na koo la mtu. Wimbo huo unatikisa rafu na kuvutia wapita njia, lakini haukusaidii kuchagua. Hakuna anayejua besi ile ya kompyuta inapaswa kusikikaje, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema spika imeipotosha. Udi tunaujua. Sauti ya mama anayeita tunaijua. Gitaa la besi la bendi ya dansi uliyoisikiliza miaka kumi unalijua hata likipigwa nyumba ya tatu. Spika zipimwe kwa vitu hivyo.

Hapa tunazipima Edifier R1280T, spika mbili za mezani zenye amplifaya ndani ambazo ni rahisi kuzipata katika miji yetu. Karatasi yake inasema hivi: wufa (koni ya sauti nzito) ya inchi 4, twita (kipaza sauti nyembamba) ya kitambaa cha hariri ya milimita 13, nguvu ya wati 42 kwa jumla (21 kila upande), masafa, yaani mitetemo kwa sekunde, kuanzia 75 Hz (sauti nzito) hadi 18 kHz (sauti nyembamba), na njia mbili za kuingizia sauti kwa waya. Hazina Bluetooth. Amplifaya yote imo ndani ya spika ya kulia, pamoja na vitufe vitatu vya kuzungusha ubavuni: sauti, trebo na besi. Spika ya kushoto inalishwa kwa waya kutoka ya kulia. Tundu la kupumulia hewa ya besi liko mbele, si nyuma, na jambo hilo lina faida tutakayoifikia.

Wati 42 zitaonekana chache kwa mtu aliyezoea maboksi ya sabufa yaliyoandikwa PMPO, yaani nguvu ya kilele inayodaiwa, maelfu kwa maelfu. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda kinaandika namba kinayotaka. Tena, kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, na sikio linaiona tofauti hiyo kuwa ndogo. Namba ya kuitazama katika karatasi hii si wati. Ni ile 75 Hz, na ndiyo itakayoamua nyimbo gani uende nazo dukani.

Anza na faili, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapotea kabla hata ya kutoka nyumbani. Wimbo uliotumiwa kwenye kundi la WhatsApp, ukapakuliwa, ukatumwa tena, huwa umeshabanwa mara kadhaa. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukatwa karibu na 16 kHz, na hilo si kosa kubwa maana watu wazima wengi hawasikii vizuri huko juu. Kosa lililo wazi ni kwamba matoazi na upatu hugeuka kuwa mchirizi wa maji, na makofi ya kwaya hulowana. Ukiusikia mchirizi huo utailaumu twita, kumbe ni faili. CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Ukiwa na CD yako ya zamani, inakili kwa FLAC, aina ya faili isiyokata chochote katika sauti. Kama huna, MP3 ya kilobiti 320 iliyotengenezwa moja kwa moja kutoka CD inatosha kabisa kupima spika za daraja hili. Kuigeuza MP3 ya 128 iwe FLAC hakurudishi kilichokatwa.

Faili ziweke ndani ya simu yenyewe, usitegemee mtandao wa dukani. Zima ekwalaiza, zima Dolby au chochote kinachodai kupanua sauti, na zima kile kipengele cha programu za muziki kinachosawazisha ukubwa wa sauti kati ya wimbo na wimbo. Simu nyingi mpya hazina tundu la hedifoni, kwa hiyo beba kiunganishi chako cha USB-C pamoja na waya wa kutoka tundu dogo kwenda RCA, nyekundu na nyeupe. Muuzaji akikupa kifaa cha Bluetooth akichomeke nyuma ya spika ili kurahisisha kazi, mkatalie kwa upole: utakuwa unapima kifaa chake. Sauti ya simu ipandishe karibu na mwisho, kisha ongoza kwa kitufe cha spika. Ukifanya kinyume, simu chini na spika juu, utasikia mvumo wa amplifaya na kudhani spika ni mbovu.

Halafu mahali. Spika iliyobanwa kwenye rafu katikati ya spika nyingine ishirini haiwezi kupimwa. Ukuta na kona huinua besi, na koni za spika jirani nazo hutikisika zikavuma pamoja. Omba zishushwe mezani, ziachane kama mita 1.5, zigeuzwe kidogo kukuelekea, nawe ukae mbali nazo kiasi hicho hicho, twita zikiwa usawa wa masikio. R1280T zikikaa juu ya meza ya kawaida twita zinabaki chini ya uso wa mtu aliyeketi, kwa hiyo tafuta vitabu au boksi la kuziinulia. Vitufe vya besi na trebo viwe katikati. Hivi viwili muuzaji huwa ameshavipandisha vyote, na ukivirudisha katikati spika itaonekana imelala kwa dakika moja. Vumilia hiyo dakika.

Jaribio la kwanza halina muziki. Spika ikiwa imewashwa na wimbo umezimwa, sogeza sikio hadi karibu na twita. Mvumo mdogo unaopotea ukirudi nyuma hatua moja ni wa kawaida kwa spika zenye amplifaya ndani. Mngurumo mzito usiopotea ni umeme wa 50 Hz unaoingia. Kama unatokea tu unapochomeka kompyuta iliyo kwenye chaji, chanzo ni njia ya ethi na chaja, si spika. Chomoa chaja usikilize tena.

Wimbo wa kwanza nao si wimbo. Ni mtu anayesema: taarifa ya habari, hotuba, au mawaidha ya sauti unayoisikia kila siku. Hakuna chombo ambacho sikio la mtu linakijua kuliko sauti ya binadamu, na Kiswahili kimetupa kipimo cha bure. Msikilize msemaji mwenye lafudhi safi ya mwambao anavyotamka thamani na samani, dhana na zana. Tofauti ya herufi hizo imo katika pumzi nyembamba ya masafa ya juu. Spika yenye twita hafifu huzichanganya, ukabaki kuelewa neno kwa sababu ya sentensi tu. Spika yenye twita kali kupita kiasi huifanya kila "s" na "sh" ichome kama kibiriti kinachowashwa. R1280T hapa zinafanya vizuri kwa upande wa upole: "s" haichomi hata baada ya nusu saa. Ila "th" inarudi nyuma kidogo, na ukiwa umekaa pembeni badala ya katikati inarudi nyuma zaidi. Kuongeza trebo robo ya mzunguko kunairudisha.

Kwa msemaji mwanamume mwenye sauti nzito, sikiliza kifua chake. Akisikika kama anazungumza ndani ya pipa, boksi la spika linavuma naye, au spika imekaribia mno ukuta au imelala juu ya meza yenye uwazi chini. Gonga boksi kwa kifundo cha kidole: likitoa mlio mfupi mkavu ni heri kuliko likilia kama debe. Boksi la R1280T ni la mbao za MDF, na kwa sauti ya kawaida ya sebuleni linatulia. Ukipandisha besi hadi mwisho, msemaji anaingia kwenye pipa mara moja.

Baada ya msemaji, piga rekodi ya zamani ya mono, yaani yenye njia moja tu ya sauti. Sisi tuna hazina kubwa hapa, kuanzia zile za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 hadi nyimbo za bendi zilizonaswa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Rekodi hizi zitumie kwa kazi zinazoziweza. Usizitumie kupima twita, kwa maana sehemu ya juu ya sauti haimo, na usizitumie kupima besi ya chini. Kazi yake ni kupima kama spika mbili ni pacha wa kweli. Katika mono, kila kitu kinatoka njia zote mbili sawasawa, hivyo mwimbaji lazima asimame katikati kabisa, hewani, kati ya spika na spika. Akivutwa kushoto, kuna upande unaopiga kwa nguvu zaidi. Punguza sauti hadi chini kabisa urudie: vitufe vya kuzungusha mara nyingi hupoteza ulinganifu sauti ikiwa ndogo, na anayesikiliza usiku watoto wamelala atakerwa na hilo kila siku.

Mwimbaji akiwa hana mahali, yaani sauti imetapakaa, inasikika kama iko nyuma ya kichwa chako na besi imekonda, basi waya wa spika ya kushoto umefungwa kinyume: nyekundu kwenye nyeusi. Koni moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na mawimbi mazito yanafutana. Hili hutokea sana kwa spika za maonyesho ambazo zimefunguliwa na kufungwa mara nyingi. Geuza waya upande mmoja tu. Spika nzuri zimewahi kukataliwa kwa sababu ya waya huu.

Sasa taarab, na hapa kaa muda mrefu. Chagua rekodi ya stereo ya kundi kamili la Unguja, yenye fidla, kanuni, udi, nai, kodiani, besi kubwa ya kusimama na dumbaki, iliyochezwa na watu wote wakiwa ukumbini pamoja. Taarab ya kinanda cha umeme haitakufaa kwa jaribio hili. Rekodi za namna hii zilizofanywa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 ni safi, na wimbo mmoja wa dakika kumi unabeba karibu kila swali unalotaka kuiuliza spika.

Anza na kanuni. Ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu, na hupigwa kwa risha zilizovishwa vidoleni. Kila mpigo una sehemu tatu: mguso mkavu wa risha, mlio wa nyuzi tatu zisizolingana kwa unywele, kisha kufifia. Twita dhaifu huumeza mguso, na kanuni ikageuka gitaa laini. Hapa ndipo ile twita ya milimita 13 ya R1280T inaonyesha ukomo wake. Mguso upo, lakini zile nyuzi tatu zinaungana kuwa uzi mmoja mnene. Si kasoro ya kumzuia mtu kununua kwa bei ya daraja hili, ila aliyekulia karibu na kanuni ataisikia.

Udi ni habari nyingine. Tumbo la udi linavuma katika masafa ambayo wufa ya inchi 4 inayaweza vizuri, na R1280T zinautoa ukiwa na joto na mbao zake. Shida ni pale udi na besi kubwa vinapopiga pamoja: kuna uvimbe mdogo katika besi ya juu ya spika hizi, na udi unaanza kunenepa. Punguza kitufe cha besi kidogo chini ya katikati, utauona udi ukijitenga tena. Ni kinyume cha wanachofanya maduka.

Fidla nne au tano zikivuta pamoja, jiulize kama unaweza kuzihesabu, au angalau kusikia kwamba ni wengi. Spika inayokoroga eneo la katikati huzifanya fidla zote kuwa fidla moja kubwa yenye hasira. R1280T zinafaulu sauti ikiwa ya wastani. Ukipita robo tatu ya kitufe, fidla zinakuwa ngumu na nai inapoteza pumzi. Dumbaki ichunguze kwa "dum" na "tak" zake: dum iwe na mwisho, isiburute mkia hadi tak inayofuata.

Wimbo wa nne ni rumba au dansi, kwa ajili ya besi. Gitaa la besi la nyuzi nne, likiwa limefungwa kawaida, lina nyuzi zenye 41, 55, 73 na 98 Hz. Sasa rudi kwenye karatasi: R1280T zinaanzia 75 Hz. Maana yake, katika nyuzi nne zikipigwa wazi, tatu zina msingi ulio chini ya uwezo wa spika hizi. Na bado ukipiga rumba utaisikia besi ikitembea. Sababu ni kwamba kila uzi hutoa pia sauti za juu zinazofuatana, mara mbili na mara tatu ya msingi, na sikio likizisikia hizo za 82 na 123 linajaza lenyewe ile 41 isiyokuwepo. Utasikia noti, utafuata melodi, ila hutausikia ule uzito unaogusa kifua.

Kwa hiyo usiulize kama besi ni nyingi. Chagua wimbo ambao besi inapanda na kushuka ngazi kwa ngazi, na ambao unaweza kuiimba besi peke yake kwa mdomo. Fuata kila noti. Zikiwa na ukubwa unaokaribiana, spika ni ya kweli. Noti moja ikivimba kila inapopitiwa wakati nyingine zinazama, ni tundu la hewa la spika au ni chumba. Kujua ni kipi, sogea mita moja mbele au nyuma: uvimbe ukihama ni chumba. Chumba cha mita 3 kwa 4 huvimbisha masafa ya karibu 57 na 43 Hz, na R1280T kwa kuwa hazifiki huko kwa nguvu, hazigombani sana na vyumba vidogo. Mtu wa chumba kimoja cha kupanga anapata faida ambayo mwenye sabufa kubwa hana.

Wimbo uleule uache uingie kwenye sebene. Magitaa yanaanza kupishana, la solo juu, la mi-solo katikati, la ridhim chini yake. Weka akili kwenye mi-solo, lile la katikati ambalo wasikilizaji wengi hawalitaji. Spika ikikuruhusu kulifuata dakika nzima bila kulipoteza chini ya solo, imefanya kazi ngumu. Hapa R1280T zinastahili sifa waziwazi. Magitaa ndiyo nyumbani kwao.

Kwaya ni jaribio fupi: sauti nne, bila kinanda kama inawezekana. Sikiliza kama safu ya waimbaji ina upana, na kama soprano wanapopaza pamoja sauti inapasuka. Haipasuki, hadi pale utakapopandisha kupita kiasi cha chumba cha kawaida.

Mwisho piga singeli au Bongo Fleva ya sasa, hata kama si muziki wako, kwa sababu nyumbani wapo wanaoupenda. Singeli hukimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika; kwa mapigo 250, kutoka pigo hadi pigo ni sekunde 0.24. Besi inayoburuta mkia haina nafasi humo, inakuwa uji. R1280T zinaenda na kasi, lakini zile besi za kompyuta zinazokaa 40 hadi 50 Hz, ambazo hazina sauti nyingi za juu za kulisaidia sikio, zinapotea karibu zote. Ukilazimisha kwa kupandisha kitufe cha besi, koni ya inchi 4 inasafiri mbele na nyuma hadi mwimbaji anaanza kutetemeka naye. Ukisikia hivyo punguza mara moja. Hapo ndipo wufa huungua au kuchanika.

Kama unazilinganisha na spika nyingine, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Spika iliyo juu kwa desibeli 1 tu sikio halitasema ni kubwa zaidi, litasema ni nzuri zaidi, na muuzaji anaweza kuutumia udhaifu huo bila hata kujua. Weka kwenye simu ya rafiki programu ya kupima desibeli, iache pale pale kichwa chako kinapokuwa, piga sauti ya mvumo usiobadilika, na rekebisha kila spika hadi isome desibeli 75. Simu haipimi kwa usahihi wa maabara, lakini simu ileile mahali palepale inatosha kulinganisha. Kisha tumia kipande kilekile cha sekunde 20 kwa kila spika, si wimbo mzima, kwa sababu kumbukumbu ya sauti hufifia upesi.

Wa kuzinunua R1280T ni msikilizaji wa taarab, rumba, dansi, kaswida, kwaya na mazungumzo, katika chumba kidogo, anayekaa karibu. Huyo atafurahi miaka. Anayeishi kwa besi ya kompyuta asizichukue, na asidhani ataongeza sabufa baadaye: toleo hili halina njia ya kuitolea. R1280DBs ndilo lenye tundu la sabufa, pamoja na Bluetooth, nalo lina wufa ya inchi 4 ileile.

Ukishaamua, omba zilizo ndani ya boksi utakaloondoka nalo zifunguliwe na kuwashwa palepale. Soma kibandiko cha nyuma uone kama kinasema volti 220 hadi 240. Zilizoletwa kutoka Marekani huwa za 120 na zitaungua siku ya kwanza. Piga ile mono, kisha kipande cha besi. Ukifika nyumbani, faida ya tundu la mbele ndipo inapoonekana: unaweza kuzisogeza hadi sentimita 15 au 20 kutoka ukutani bila besi kuharibika sana. Anza hapo, besi ikiwa chini kidogo ya katikati na trebo juu kidogo, na rudia wimbo wa taarab. Udi ukiwa bado mnene, zivute mbele sentimita 5 kila mara hadi uutambue.